Bahari ndani ya kioo: Hesabu ya tangi la matumbawe kwa mfanyabiashara wa Namatala

MBALE, Uganda – Kutoka bandari ya Mombasa hadi Namatala, pembezoni mwa jiji la Mbale, ni mwendo wa karibu kilomita 1,000. Gari huiacha bahari, hupanda nyanda za juu za Kenya, huteremka upande wa magharibi, kisha huvuka mpaka Malaba na kupita Tororo. Wanaoishi kwa njia hiyo wanajua ni mzigo gani unaovumilia foleni na upi usiovumilia. Mitumba haiozi. Nyanya huoza. Samaki wa kula hutaka barafu.

Upo mzigo mwingine ambao barafu huuua na jua huuua: viumbe hai wa miamba ya matumbawe, wanaotafutwa kwa ajili ya matangi ya kioo ya maji ya chumvi. Tangi la namna hiyo ni pambo ambalo mwenye hoteli, kliniki au nyumba kubwa huliona safarini au kwenye simu yake, akalitamani. Mji wake uko mbali na bahari, kwa hiyo mtu wa kwanza kumuuliza huwa ni yule anayekwenda pwani mara kwa mara. “Unaweza kuniletea?” Swali ni jepesi, lakini jibu lake linahitaji hesabu, maana atakayekubali bila kuipiga anaweza kupoteza mtaji mpakani, au akafikisha mzigo salama ukafa wiki mbili baadaye mikononi mwa mteja anayedai kurudishiwa fedha.

Tangi la matumbawe linaweza kuishi Mbale. Kisayansi hakuna kinachozuia, na watu wa miji iliyo mbali na bahari katika Ulaya na Marekani wamekuwa wakiyatunza kwa miongo mingi. Kwanza, hata hivyo, ni vizuri kujua linadai nini.

Chumvi si chumvi tu

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Mtu husikia “maji ya chumvi”, akanunua chumvi ya mezani na kuikoroga. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Kati ya hizo, asilimia 85 hivi ndiyo chumvi tunayoijua jikoni. Asilimia 15 inayobaki ni magnesi, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo, na matumbawe hayaishi bila hivyo. Mifupa yao hujengwa kwa kalsiamu na kaboneti inayotoka kwenye maji yenyewe. Katika bahari, lita moja ina karibu miligramu 420 za kalsiamu na karibu miligramu 1,300 za magnesi. Maji yenye chumvi ya mezani peke yake hayana kiasi hicho.

Chumvi ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, nayo haifai. Ni bidhaa nzuri kwa mifugo na jikoni, lakini imechanganyika na soda na salfeti kwa uwiano usio wa bahari. Magadi kutoka Ziwa Magadi la Kenya ni soda, wala si badala ya chumvi ya bahari. Kinachotakiwa ni chumvi iliyochanganywa viwandani mahususi kwa matangi ya matumbawe, na kwa kuwa hutoka ng’ambo, ni bidhaa ya kuagizwa.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Tangi la lita 200, ambalo ni la wastani, huhitaji kilo 7 hadi 8 za chumvi hiyo siku ya kujazwa. Baada ya hapo, desturi ya watunzaji wengi ni kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, yaani lita 20, na hizo hula robo tatu ya kilo ya chumvi hivi. Kwa wiki 52 za mwaka hiyo ni karibu kilo 39. Chumvi ya siku ya kwanza ni sehemu ndogo tu ya chumvi ya mwaka, na mteja aelezwe hivyo mapema.

Kitu kingine kinachowakanganya wageni wa kazi hii ni kwamba maji yanapokauka kwa joto, chumvi haiondoki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10 kwa mvuke, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu gramu 37. Kinachorudishwa ni maji matamu matupu. Anayejazia kwa maji ya chumvi kila siku huongeza chumvi juu ya chumvi, na ndani ya wiki chache matumbawe hujikunyata na kufa. Kifaa kidogo cha kupima chumvi kwa tone la maji na mwanga, kinachoitwa refraktomita, si anasa. Ni mizani ya biashara hii.

Maji yatoke wapi

Maji ya bomba ya Mbale hutiwa klorini kama maji ya miji mingine, na klorini huua bakteria wazuri wa tangi pamoja na viumbe wenyewe. Kwa samaki wa maji matamu, dawa ya kuondoa klorini hutosha. Matumbawe hutaka zaidi, kwa sababu maji ya bomba yanaweza kuwa pia na fosfeti, naitreti na metali ambazo hazimdhuru binadamu lakini huyaathiri matumbawe. Watunzaji hutumia mtambo mdogo wa kuchuja unaosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha uchafu nje. Mtambo huo humwaga sehemu ya maji kila unapofanya kazi, na maji hayo yaliyokataliwa yanaweza kufulia au kumwagilia bustani.

Wengi watafikiria maji ya mvua, maana eneo la Mlima Elgon halina uhaba wa mvua. Shida ni paa. Mabati mengi hupakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kidogo tu katika maji ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono. Shaba ni mbaya zaidi. Baadhi ya dawa za kutibu vimelea vya samaki zina shaba, na zikitiwa ndani ya tangi la matumbawe huponya samaki na kuua vingine vyote. Ndiyo maana samaki mgonjwa hutolewa na kutibiwa katika chombo cha pembeni.

Akiba nayo ni lazima. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu wakapoteza maisha na huduma ya maji ya bomba ikakatika kwa wakazi wengi wa Mbale. Mwenye tangi asiyekuwa na angalau lita 40 za maji safi yaliyochujwa na kufunikwa hana uhakika wa wiki ijayo.

Umeme, baridi ya usiku na hewa ya mlimani

Matumbawe ya Bahari ya Hindi hupenda maji ya nyuzijoto 24 hadi 27. Mchana Mbale hutoa joto hilo bila shida, lakini usiku baridi ya Elgon hushuka na maji ya tangi dogo huifuata. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto. Kwa hiyo tangi huhitaji hita yenye kujizima.

Hesabu ya mfano kwa tangi la lita 200 ni hii. Pampu ya wati 20 inayofanya kazi saa 24 hutumia karibu nusu uniti kwa siku. Taa za wati 100 kwa saa 9 hutumia karibu uniti moja. Hita ya wati 150 ikiwaka kwa jumla ya saa 8 hutumia uniti 1.2. Jumla ni karibu uniti 2.6 kwa siku, au uniti 77 kwa mwezi. Kila mtu azidishe kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya umeme, kisha amwonyeshe mteja kabla ya kupokea malipo ya awali.

Umeme ukikatika, kinachoua haraka ni kukosa hewa. Baridi huja baadaye. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko Mombasa kwa joto lilelile. Maji ya chumvi nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Tangi ambalo Mombasa lingevumilia saa kadhaa bila pampu, Mbale litavumilia muda mfupi zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile inayojulikana na wauza samaki hai, ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote. Idadi ya samaki nayo ipunguzwe: anayeuza tangi lililojaa samaki ili lipendeze siku ya kwanza amemuuzia mteja msiba.

Wiki sita za kusubiri

Tangi jipya halipokei matumbawe siku ya kwanza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huibadilisha kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha aina nyingine huigeuza kuwa naitreti, ambayo ina madhara madogo. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na chujio, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Kabla ya hapo tangi ni chombo cha maji machafu kinachong’aa.

Baada ya hapo kazi ni ya kila siku, ingawa si nzito: kutazama joto, kurudisha maji yaliyokauka, kulisha kidogo, kufuta kioo. Kila wiki hubadilishwa asilimia 10 ya maji na kupimwa chumvi, naitreti, fosfeti, kalsiamu na alkali, yaani akiba ya kaboneti inayozuia maji kuwa machachu. Kadiri matumbawe yanavyokua ndivyo yanavyokula akiba hiyo. Inapopungua huweza kurudishwa kwa bekini soda safi ya jikoni (bekini pauda haifai kwa sababu ina asidi). Kwa lita 200, gramu 6 hupandisha alkali kwa digrii moja ya kipimo kinachotumiwa na watunzaji. Digrii moja kwa siku inatosha.

Kufufua tangi lililochoka

Kazi inayoweza kumpa mtu riziki ya kudumu kuliko kuuza matangi mapya ni kufufua ya zamani. Mwenye tangi husafiri, mlinzi husahau, umeme hukatika, na baada ya miezi mitatu kioo kimejaa mwani wa kijani, mawe yamevaa utelezi mwekundu na samaki wawili waliobaki wanahema juu ya maji. Wengi hapo humwaga kila kitu. Mara nyingi si lazima.

Hatua ya kwanza ni kupima, wala si kusafisha. Bila vipimo mtu hajui kama tatizo ni chumvi iliyopanda, joto, uchafu au vyote. Chumvi ikiwa imepanda, huteremshwa taratibu kwa siku kadhaa kwa maji matamu, maana kiumbe kilichozoea maji mazito hupasuka seli zake kikitumbukizwa ghafla katika maji mepesi. Hatua ya pili ni kuondoa kilichokufa, kwani konokono mmoja aliyeoza huchafua maji yote. Hatua ya tatu ni kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila baada ya siku mbili au tatu, yakiwa na joto na chumvi sawa na ya tangini. Kubadilisha nusu au yote kwa siku moja huua kilichosalia.

Chujio huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu maji ya bomba yataua bakteria wanaotegemewa. Mchanga wa zamani haukorogwi wote kwa pamoja. Chini yake mna gesi yenye harufu ya yai bovu, nayo ni sumu. Hufyonzwa kwa mpira, robo moja leo, robo nyingine wiki ijayo. Mwani hung’olewa kwa mkono na brashi, lakini dawa yake ya kweli ni kupunguza chakula na kushusha fosfeti na naitreti. Anayenyunyiza dawa ya kuua mwani bila kuondoa chakula chake atanunua dawa kila mwezi.

Tumbawe lililogeuka jeupe si lazima liwe limekufa. Rangi na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake. Joto au mwanga ukizidi, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe, likiwa hai na lenye njaa. Likipunguziwa mwanga, likatulizwa joto na kulishwa vyakula vidogo vidogo, laweza kurudi. Likianza kuota mwani wa nje juu ya mfupa mtupu, hapo limekwisha. Tawi likiwa hai nusu, sehemu nzima hukatwa kwa koleo safi na kubandikwa juu ya jiwe dogo kwa gundi ya supa aina nzito, ambayo hukauka hata ndani ya maji. Kipande hicho kikishika, mwenye tangi amepata tumbawe jipya bila kugusa bahari.

Onyo moja ni la uhai wa mtu. Baadhi ya viumbe laini wanaofanana na vifungo vya shati, jamii ya palithoa, wana sumu kali mno. Mawe yenye viumbe hao kamwe hayachemshwi jikoni wala kusuguliwa bila glavu na miwani. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini katika nchi nyingine.

Mpakani

Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 1, 2010, na utaratibu rahisi wa biashara unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi cha asili. Wengi hudhani cheti hicho hufungua kila mlango. Hakifungui mlango wa viumbe wa porini.

Matumbawe yote magumu yamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa kimataifa wa CITES, na mawe hai yaliyotokana nayo hufuata sheria hiyo. Chaza wakubwa wamo pia, na farasi wa baharini wamekuwemo tangu 2004. Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama wa mkataba huo. Maana yake ni kwamba kipande cha tumbawe hai, hata cha ukubwa wa kidole, hakivuki mpaka kihalali bila kibali cha nchi kinakotoka. Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Sheria ya Uvuvi ya 2016, na Uganda ina Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Samaki wa mapambo ambao hawamo kwenye mkataba bado huhitaji leseni ya mkusanyaji, cheti cha afya ya mnyama na idhini ya kuingiza kutoka wizara inayohusika na uvuvi Uganda. Kituo cha pamoja cha mpakani, Malaba au Busia, huunganisha maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Hakiwapunguzii mamlaka ya kukamata mzigo usio na karatasi.

Kwa mzigo halali, kufunga ndiko kunakoamua. Samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji. Kila mmoja huwekwa kwenye mfuko wake wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, ukafungwa mara mbili na kuwekwa ndani ya sanduku la kuhifadhi joto. Ukifika, mfuko haufunguliwi na kuachwa. Safarini hewa chafu ya samaki hufanya maji kuwa machachu kidogo, na uchachu huo huituliza amonia iliyojikusanya. Mfuko ukifunguliwa, hewa chafu hutoka, uchachu hupungua na amonia hugeuka kuwa kali ndani ya muda mfupi. Kwanza mfuko huelea tangini umefungwa hadi joto lilingane. Baada ya kufunguliwa, samaki huhamishwa bila kukawia, na maji ya mfuko hayamwagwi tangini.

Mwamba unaolipa gharama

Nyuma ya kila samaki wa rangi anayeuzwa kuna mwamba. Miamba ya matumbawe hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini hukaliwa na takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikufa. Joto lilirudi 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kugeuka meupe. Mwamba uliokwisha kudhoofika hauhitaji nyundo ya mtu anayevunja vipande vya kuuza.

Wavuvi wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, walilijua hilo kabla ya wengi. Miaka ya mwanzo ya 2000 samaki walikuwa wamepungua kwa uvuvi uliopita kiasi, na ukusanyaji wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi ulikuwa umeongeza jeraha. Mwaka 2003 waliungana, na mwaka 2005 walitenga hekta 30 za bahari zisizovuliwa. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kusini zaidi, karibu na Shimoni na Mkwiro, vipande vya matumbawe hufungwa kwenye vitalu vya chini ya maji na kukuzwa hadi vifae kurudishwa mwambani. Jambiani, Zanzibar, kuna mashamba ya sponji za baharini na vitalu vya matumbawe. Kazi hizo zinafuata kanuni ileile ya mwenye tangi anayekata tawi zima na kulibandika: kiumbe kinachokuzwa hakilazimu kingine kung’olewa.

Kwa mfanyabiashara, hiyo ni bidhaa yenye maelezo. Samaki aliyezaliwa kwenye tangi, kama baadhi ya wale wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni, huwa amezoea chakula cha kopo na hufa kidogo kuliko aliyevuliwa juzi. Mawe makavu yaliyokwisha kufa zamani huweza kupandwa bakteria na kufanya kazi ya mawe hai kwa kusubiri wiki chache zaidi. Mteja anayeelezwa haya hununua mara ya pili.

Maji yanapotoka Namatala

Jambo lisilosemwa dukani ni maji machafu yanakokwenda. Lita 20 za maji ya chumvi kila wiki zikimwagwa shambani huharibu udongo. Bonde la Namatala hulimwa mpunga, na mto wake tayari hubeba uchafu wa mji kabla ya kuungana na maji ya Mpologoma yanayoelekea Ziwa Kyoga. Maji ya tangi yamwagwe kwenye mfumo wa majitaka, si mfereji wa mpunga, na kiumbe chochote kisitupwe mtoni.

Safari hiyo ya maji kwenda Kyoga inaonyesha mbadala ulio karibu zaidi na Mbale kuliko Mombasa. Katika Ziwa Victoria kulikuwa na zaidi ya aina 500 za samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na Wajaluo fulu. Baada ya sangara kuingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na maji kuchafuka, takriban aina 200 zinakadiriwa kutoweka. Baadhi ya zilizosalia ziliokolewa ndani ya matangi ya kioo katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Nyingine zilijificha katika maziwa madogo yanayozunguka Kyoga, kama Nawampasa, ambako matete yalimzuia sangara. Madume yao wana nyekundu, buluu na njano zinazoweza kusimama mbele ya samaki wengi wa mwambani, na majike hulea watoto wao kinywani, kwa hiyo huzaliana tangini kwa urahisi.

Samaki hao hawahitaji kilo 39 za chumvi kwa mwaka. Huhitaji maji safi, hewa, joto la kawaida na kibali, kwa sababu nao hawachotwi ziwani kiholela. Taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, iko Jinja, mwendo wa saa chache kutoka Namatala, na ndipo pa kuanzia kuuliza.

Mteja anayesisitiza matumbawe bado anaweza kuhudumiwa, ila mkataba uandikwe. Uonyeshe nani ananunua chumvi ya mwaka, nani analipa uniti 77 za mwezi, nani anabadilisha maji kila wiki, vibali ni vya nani na mzigo ukifa baada ya siku ngapi si wa muuzaji tena. Malipo ya matunzo ya mwezi yatenganishwe na bei ya tangi. Mteja akiona orodha hiyo na kubadili nia, mfanyabiashara amepoteza mazungumzo ya nusu saa. Akiona na kukubali, amepata kazi ya miaka.